Nyimbo Asizotakiwa Fundi Kuzisikia

Fundi akimuuliza mtu, "Kuna kitu cha kutunza humu ndani?" naye akajibu upesi, "Hakuna," huku moyo unamdunda, basi kitu kipo. Ndivyo alivyojibu Sikudhani, Mama Shakila wa Newala, siku alipoteremka Masasi na kompyuta yake ameipakata kama mtoto, ameifunga kwenye kanga.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Alipewa na bintiye Shakila, mwalimu wa Lukuledi, aliponunua nyingine. Sikudhani aliitumia kuandikia mialiko ya harusi na kutazamia picha za wajukuu. Lakini tangu masika ilikuwa inaugua virusi. Ungeiwasha ukaenda kupika uji, ukanywa, ukaosha na kikombe, ukirudi bado haijaamka.

Fakihi, fundi wa kibanda cha karibu na stendi, aliikagua taratibu. Alimpa Sikudhani kiti chake, yeye akakaa juu ya ndoo. Akasema mashine haijafa, ila imeelemewa na mzigo. Akamshauri waweke mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ule unaotengenezwa na watu wengi duniani na kugawiwa bure, mwepesi kwa mashine za zamani. Sikudhani akauliza kama mtu asiyesomea mambo hayo anauweza.

"Mama yangu anautumia," Fakihi akasema. "Na mama yangu, Mama Shakila, hata redio inamshinda kuzima."

Wakacheka. Ndipo akauliza lile swali la kitu cha kutunza, naye Sikudhani akalijibu vile.

Kilichokuwa ndani ni sauti ya Bi Sijaona. Huyo alikuwa kungwi mkuu wa kwao Newala, mwenye nyimbo zote za unyago tangu wasichana wanapoingizwa ndani hadi wanapotolewa. Mwaka wa mwisho wa uhai wake alimwita Sikudhani, akamwambia, "Niingize kwenye hicho chombo chako, mwanangu. Kifua kimechoka. Ila mwanamume asinisikie." Kwa siku nyingi Sikudhani alimshikia simu mdomoni, kisha Shakila akazihamishia nyimbo kwenye kompyuta na kuzifuta simuni. Mwezi uliofuata bibi akafariki.

Sasa angemwambiaje fundi, kijana wa kiume, kwamba humo mna nyimbo za unyago? Kuzitaja tu aliona ni kuzivua nguo. Tena alijipa moyo kwamba mfumo ni kama paa. Ukitoa nyasi ukaweka bati, vyungu vya ndani havihami. Akanyamaza, akarudi zake Newala jioni ile na mashine iliyotengenezwa.

Asubuhi aliiwasha kabla ukungu haujaondoka. Iliamka upesi mpaka akashangaa. Maandishi makubwa, mengine kwa Kiswahili, kila kitu kimepangwa. Akaenda pale alipozoea kuzificha nyimbo. Hapakuwa na kitu. Akatafuta upande mwingine, napo peupe. Hata picha za wajukuu hazikuwepo.

Akaizima, akaiwasha tena, bado peupe.

Alimpigia Shakila. Shakila alisikitika, akasema yeye amezoea mfumo ule mwingine, na huko shuleni kwao hakuna anayeujua huu. Jirani yake Salome alipopita kuomba moto akamkuta ameduwaa mbele ya kioo, akauliza kulikoni. Sikudhani akamwambia tu kwamba mfumo ni mpya, wa bure. Salome akaguna, akasema kitu cha bure mwenyewe yuko njiani anakuja kukidai.

Sikudhani hakucheka. Wiki ya likizo ilikuwa inakaribia na wasichana walikuwa wanasubiri kuingizwa. Makungwi wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba mwaka huu ataongoza yeye, kwa kuwa yeye ndiye mwenye sauti ya Bi Sijaona. Na miaka yote Sikudhani alikuwa mwitikiaji tu. Maneno ya kuitikia aliyajua hata usingizini, lakini mwenye kuanzisha alikuwa Bi Sijaona peke yake. Mwitikiaji bila mwanzilishi ni nusu ya mtu. Akajiona amekaa mbele ya wale wasichana, kinamama wote wamemgeukia, naye kinywa wazi, hakitoki kitu. Akamwona na Bi Sijaona kaburini anageuza uso.

Alitoka uani. Huko mashambani watu walikuwa wanapulizia mikorosho dawa, harufu ya salfa imetanda, macho yakimchoma. Akashukuru, maana mpita njia asingejua ni machozi ya nini.

Mwishowe akampigia Fakihi.

"Shikamoo, Mama Shakila."

"Marahaba, mwanangu. Kulikuwa na kitu."

Fakihi akasema anakuja, na simu ikakatika. Sikudhani akapiga tena, haipatikani. Anakuja kufanya nini? Kumwambia ana kwa ana kwamba vimekwisha? Siku nzima alikaa karibu na mlango. Uji ukaganda kwenye sufuria.

Alasiri pikipiki ilisimama barabarani, Fakihi akateremka amejaa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Alikuwa amepanda mlima wote wa kutoka Masasi mwenyewe. Akatoa mfukoni flashi iliyofungwa kwenye karatasi na kuzungushiwa utepe wa gundi pande zote.

"Watu huniambia hakuna kitu, kesho wanarudi wanalia," akasema. "Kwa hiyo huwa nakopi kila kitu kabla ya kufuta. Sikufungua, mama. Niliona jina la bibi na neno unyago, nikatoa mkono."

Sikudhani alimtazama machoni muda mrefu, akitafuta uongo. Hakuuona. Akapokea kwa mikono miwili.

Lakini shida haikuishia hapo. Fakihi akiwa barazani, Sikudhani alichomeka flashi chumbani, akabonyeza wimbo wa kwanza. Mashine ikaandika kwamba haiwezi kuufungua. Akabonyeza wa pili, ikawa vilevile. Akaita nje kwamba zimeoza.

Fakihi akamtuliza kwa kupitia dirishani, uso ameugeuzia barabara. Hazijaoza. Sauti za aina ile zinahitaji kijiprogramu cha kuzisomea, na mfumo huo hauji nacho. Mwenye mashine hukiongeza mwenyewe kupitia mtandao. Alikiri kwamba angeongeza mapema kama angejua. Angeweza kuingia akakiweka sasa hivi, asizisikie hata kidogo. Sikudhani akakataa. Nyimbo zilikwisharudi ndani ya chombo, na mkono wa mwanamume usingepita tena juu yake. Alijua anajitesa. Fakihi naye hakukasirika wala hakubisha. Akawasha mtandao wa simu yake, akaketi chini akiegemea ukuta, mgongo dirishani.

"Basi tutafanya mimi na wewe, mama. Mimi mdomo, wewe kidole."

Akamwelekeza kufungua kwenye kioo dirisha jeusi la kuandikia amri, tupu kama kisima. Akamtajia herufi moja moja, naye akizibonyeza kwa kidole kimoja na kuzirudia kwa sauti. Kila akikosea alifuta akaanza upya, na Fakihi akaanza upya naye. Kisha mashine ikadai neno la siri, lile walilochagua kibandani. Sikudhani akaandika, hakuona kitu. Hata nukta.

"Fakihi, naandika hakitokei! Nimeiua?"

"Hujaiua. Hapo ndivyo mfumo ulivyo, hauonyeshi. Andika tu mpaka mwisho, uamini kidole chako."

Ilikuwa ngumu kuliko yote. Aliandika gizani, akabonyeza kitufe cha kukubali. Maandishi yakaanza kuporomoka kwenye kioo, mstari kwa mstari, yasiyosomeka. Akafumba macho akasoma Fatiha. Alipofumbua yalikuwa yametulia.

Fakihi hakungoja kuambiwa. Alifungulia redio ya simu yake hadi mwisho, mtangazaji akaanza kupiga kelele za mpira. Hapo Sikudhani akabonyeza wimbo wa kwanza.

Kikatoka kikohozi. Halafu Bi Sijaona akasema kwa Kimakonde, "Umeshika vizuri?" akaanza kuimba.

Nje pikipiki iliunguruma. Redio isingetosha, Fakihi alilijua hilo. Akaondoka bila kuaga, bila hata maji ya kunywa. Sikudhani alitaka kumwita, akaona kumwita ni kumrudisha penye sauti. Akamwombea njia njema kimoyomoyo.

Akafunga dirisha, akakaa kitandani. Alidhani hofu ingemtoka, lakini ilibadilika tu mahali pa kukaa. Nyimbo zilikuwa kwenye flashi moja na mashine moja kuukuu, yenye mfumo ambao Newala nzima hakuona wa kumuuliza habari zake. Fakihi akihama je? Na yeye mwenyewe umri ulikuwa unakwenda.

Akausimamisha wimbo. Akajaribu kuanzisha peke yake, akapotea kwenye mstari wa pili. Akaurudisha mwanzo, akasikiliza, akajaribu tena, akapotea kwenye wa tatu. Akaurudisha tena.