Hindi la Ng'ombe

Gavana Emmett Sorrells alitangazia shambani kwa Twyla Brandvold kwamba anaomba chama kimteue kugombea urais, na siku hiyo Twyla alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alichoma nguruwe mzima. Alitengeneza viazi vya baridi kwa mayai, maharage ya tanuri na pai kumi na nne. Wakaja watu mia na tisini kutoka Elgrove na mashamba ya jirani, pamoja na waandishi wa habari wanne waliotumwa na wakubwa wao kwa sababu Jumamosi hiyo hapakuwa na jambo jingine katika jimbo zima la Iowa. Usicheke. Kwa mtu ambaye kura za maoni zilimpa wawili katika kila mia, hao walikuwa umati.

Twyla hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa mpishi wa shule ya Elgrove kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo alijifunza kumtambua mtoto anayejifanya hana njaa. Anakaa mwisho wa meza, anacheka kuliko wenzake, anasema amekula nyumbani. Siku moja alisikia redioni kwamba huko pwani ya mashariki kuna gavana aliyeamuru kila mtoto wa shule ale mchana bila kuulizwa swali, na mtu asijue nani ana kitu na nani hana. Twyla alizima jiko akakaa kitako kuandika barua: Ukitaka urais, shamba langu lipo. Naye Gavana, ambaye hakuna mwingine aliyekuwa amempa hata kibaraza, akaja.

Sasa, meneja wa kampeni yake, Garrett Lowe, alikuwa mtu wa mjini wa miaka arobaini na kitu, mwenye viatu ambavyo havijawahi kuona tope. Asubuhi ile aliingia shambani nyuma ya ghala, akavunja mahindi kikapu tele, akayapanga mezani kando ya kipaza sauti ili picha zipendeze. Twyla alimwona. Alijua, kama ajuavyo kila mtoto wa Iowa, kwamba hayo ni mahindi ya ng'ombe. Mwanzoni mwa Septemba punje zake zimekwisha kauka na kubonyea vichwani, ngumu kama changarawe. Mahindi matamu ya kula watu hulimwa kando, bustanini, na yalikuwa yamekwisha zamani. Lakini aliona ni pambo tu, na mgeni hakosolewi mapambo yake.

Hotuba ilikuwa nzuri. Mwishoni Gavana alifuta jasho, akasema, "Mama yangu alitulea watoto sita kwa mahindi kama haya," akanyoosha mkono kikapuni.

Twyla alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa na muda. Alikuwa na muda wa kusema, "Gavana, hilo sio," akabaki na dunia yake salama. Ila watu wa huku, Mungu awasamehe, afadhali wafe kuliko kumfedhehesha mgeni. Utaingia kanisani na mkia wa shati nje, watakusalimia kwa heshima zote mpaka urudi nyumbani ujionee mwenyewe kwenye kioo. Twyla alifumbua mdomo, akaufumba. Nyuma yake watu mia na tisini wakafanya vivyo hivyo.

Gavana akamenya maganda, akauma. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye zizi. Akasita kidogo, akatafuna, akatafuna tena, akameza.

"Tamu," alisema, machozi yakimlengalenga.

Hata jioni haijafika, nchi nzima ilikuwa imeona. Gazeti moja lilichora ng'ombe jukwaani akiomba kura. Jikoni kwa Twyla, Garrett alikuwa akizunguka meza na simu mkononi.

"Tunatoa taarifa sasa hivi," alisema. "Tunasema mwenyeji ndiye aliyeyaweka. Mama wa watu mzee, amekosea, hakuna atakayemlaumu."

Twyla alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka.

"Garrett," Gavana alisema taratibu, "mdomo uliouma ulikuwa wa nani?"

"Mheshimiwa, hiyo siyo hoja."

"Ulikuwa wa nani?"

"Wako."

"Basi taarifa iseme hivyo. Na mtu yeyote asitaje jina la mama huyu, si leo, si kesho." Kisha akamgeukia Twyla. "Bi Twyla, pai imebaki?"

Imebaki, alisema, na hilo tu ndilo alilosema. Lakini usiku ule alilala na jiwe kifuani. Yeye ndiye aliyemwalika mtu huyu, na yeye ndiye aliyemwacha aangamie kwa kukosa neno moja. Gavana alikuwa ameshawaambia watu wake wazi: Iowa ndiyo jimbo la kwanza kumpigia kura mteule wa chama; isipotuweka kati ya watatu wa kwanza mwezi wa Februari, tunafunga virago.

Basi Twyla akaanza kugonga milango. Kata yake ilikuwa na nyumba mia tatu na kumi, naye alizigonga zote mara tatu, Oktoba katika vumbi la mavuno, Januari katika theluji ya kufika magotini. Hakuwa na maneno mengi. Alibeba biskuti na karatasi, akasikiliza habari za magoti na wajukuu, akaondoka na ahadi ambazo hazikuwa ahadi, maana huku neno "tutaona" ni njia ya adabu ya kusema hapana.

Gavana naye hakujificha. Aliizunguka Iowa wilaya zote tisini na tisa kwa gari la kukodi, na kila alipofika alianza hivi: "Mimi ndiye yule aliyekula chakula cha ng'ombe wenu. Nimekuja kuomba radhi kwa ng'ombe." Walikuja kumcheka, wakabaki kumsikiliza. Wakulima walimletea mahindi magumu ayatie sahihi, na mmoja alimletea ndama. Kufikia Krismasi, wawili katika mia walikuwa wamekuwa tisa. Tisa bado ni nafasi ya nne.

Aliyemtesa Twyla kuliko magazeti yote alikuwa Delbert, mdogo wa marehemu mumewe. Shemeji huyo alikuwa na ulimi, na tangu Septemba alikuwa amepata pa kuutumia. Akipita na trekta lazima asimame.

"Shemeji! Ng'ombe wangu wanauliza, mgombea wenu anakuja lini kula nao?"

"Waambie wapange foleni, Delbert. Wewe uko mbele yao."

"Mimi? Mimi sijaamua."

"Wewe hujaamua jambo tangu siku uliyooa, na hata siku hiyo aliyeamua ni Norma."

Ilikuwa kweli, na Delbert alicheka kuliko yeye.

Ikafika siku yenyewe, saa moja jioni, ukumbi wa michezo wa shule. Mkutano wa kata hauna karatasi za siri. Unatoka nyumbani kwenye baridi, unasimama kwenye pembe ya mgombea wako mbele ya jirani, mwajiri na mama mkwe, unahesabiwa kichwa kama kondoo. Na pembe yoyote isiyofikisha watu kumi na watano katika kila mia, imekufa. Watu wake watapewa nusu saa wahamie kwingine au waende nyumbani.

Walifika watu tisini na wanne. Lucille Opdahl wa maktaba, mwenyekiti wa mkutano, alipanda kiti na daftari lake.

"Kwa hesabu ya leo, pembe hai ni kumi na tano kwenda juu. Seneta Pruitt, hamsini na wawili!" Vifijo. "Bi Castellaw, kumi na saba! Wasioamua, kumi na wawili! Gavana Sorrells..." Lucille aliinua macho, akamtazama Twyla kwa huruma. "Kumi na watatu."

Wawili. Walipungua wawili tu.

"Twyla, mpenzi, njoo huku!" walimwita kutoka pembe ya Seneta. "Tuna keki za karameli, na kiti cha mgongo wako!"

Watu wake kumi na watatu walianza kuangalia viatu. Mmoja alishaokota koti. Twyla aliona vizuri kitakachotokea: pembe hii itakufa kwa adabu, na nyingine kama hizi kote Iowa, na kesho Garrett ataandika taarifa ya kufunga kampeni, na katika shule zote za nchi hii mtoto fulani ataendelea kukaa mwisho wa meza na kucheka kuliko wenzake. Mficha uchi hazai. Alishika bega la mtu, akapanda juu ya benchi.

"Nina neno," alisema.

Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia Twyla Brandvold akisema ana neno.

"Mnalijua lile hindi. Basi mimi nililiona kabla yake. Niliyaona mahindi yakiwekwa mezani. Nilimwona akinyoosha mkono. Nilikuwa karibu naye hivi."

"Ulimwona?" Ilikuwa sauti ya Delbert, kutoka kwa wasioamua.

"Nilimwona."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza, shemeji. Na wewe ulikuwa nyuma yangu na sahani ya nyama. Wewe ulisema?"

Delbert alijikuna kidevu. "Nilikuwa natafuna."

Kicheko kilipasuka, halafu kikazimika chenyewe, maana wengi humu walikuwepo siku ile.

"Nyote mlinyamaza," Twyla alisema. "Mia na tisini tulimwacha mgeni wetu avunje meno, tukaita hiyo heshima. Haya. Yeye akafanya nini? Alitafuna akameza. Jikoni kwangu watu wake walitaka kunitupia mimi lawama. Alikataa. Alisema mdomo ni wake. Miezi mitano anachekwa nchi nzima, nanyi niambieni, jina langu mmelisikia wapi? Popote?"

Twyla aliwageukia watu wa Seneta.

"Mimi nimewapikia ninyi. Nusu ya vichwa humu nimevilisha kwa mwiko wangu. Na wengine mlikuwa mkiniambia hamna njaa. Nilikuwa nawajua. Nilikuwa nawaongezea, nikijifanya nimekosea kipimo. Kwenye jimbo la mtu huyu hakuna mtoto anayelazimika kujifanya. Sina zaidi. Nahitaji watu wawili."

Hakuna aliyesogea. Kisha, katikati ya wale hamsini na wawili wa Seneta, mtu mmoja alianza kupenya. Alikuwa Cody Ruppert, dereva wa lori la vyakula vya mifugo, pande la mtu, miaka thelathini na miwili. Alivuka uwanja mzima akiwa na kofia mkononi, uso umemwiva.

"Mimi nilikuwa mmoja wao," alimwambia Twyla kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi wote ulisikia. "Nilidhani kweli unakosea kipimo."

Twyla alimshika mkono akamvutia upande wake.

"Kumi na wanne!" alisema Lucille. "Dakika mbili!"

Macho yote yakamgeukia Delbert. Sijui ni nani aliyeanza, lakini yakamgeukia.

"Nini?" alisema Delbert. "Mimi sijaamua."

"Dakika moja na nusu," alisema Lucille.

"Delbert Brandvold," alisema Norma mkewe, ambaye alikuwa kwa wasioamua kwa ajili ya kumlinda tu, "mimi naenda. Wewe utarudi nyumbani na nani?"

"Ngoja, mwanamke! Usinitangulie!" Delbert alitoka mbio kama kijana, buti zikilia kwenye mbao za ukumbi, akafika kabla ya mkewe na kuhesabiwa wa kumi na tano. Akahema, akainua kidole. "Lakini ieleweke, shemeji. Sikuja kwa sababu yako. Nimekuja kwa heshima ya tumbo la yule bwana. Tumbo lile linaweza kuongoza nchi."

Hapo ukumbi ulilipuka. Norma akawa wa kumi na sita, na nyuma yake wakaja wasioamua wengine sita, mmoja akiwa amebeba sinia la keki za karameli alilolichomoa kwa watu wa Seneta. Lucille alipohesabu mara ya mwisho walikuwa ishirini na wawili. Twyla alikuwa bado juu ya benchi, analia kwa furaha mbele ya watu, wala hakujali.

Haikuwa Elgrove peke yake. Katika kata baada ya kata, watu waliokuja kumcheka Sorrells walikwenda kusimama kwenye pembe yake. Alishinda Iowa. Si kwa wingi, lakini alishinda, na siku ile hakuna gazeti lililochora ng'ombe.

Asubuhi yake, kabla ya safari ya ndege kwenda New Hampshire, jimbo linalofuata kupiga kura, gari la kukodi liliingia uani kwa Twyla. Gavana aliteremka na macho mekundu ya furaha na kukosa usingizi, na Garrett nyuma yake, viatu vimejaa tope. Delbert alikuwa amekwisha kaa mezani, bila kualikwa, kama mtu aliyeshinda uchaguzi peke yake.

Twyla alikuwa ametoa kwenye friza mahindi matamu ya Agosti, akayachemsha. Aliyaweka mezani, akabaki amesimama.

"Nimesikia ulichosema jana," Gavana alisema. "Hukuwa na haja ya kukiri, Bi Twyla. Nilikuwa najua."

"Ulijua nini?"

"Siku ile nilipoinua lile hindi nilikuona. Uso wako ulikuwa umeshaniambia kabla ya meno."

Twyla alishika kiti. "Sasa kwa nini ulilila?"

"Ulikuwa umewapikia watu mia mbili," alisema. "Ningelikataaje shambani kwako?"

Gavana alitabasamu, akachukua hindi moja la moto kwa mikono miwili, akalipeleka mdomoni.

"Weka chini!" Twyla alipaza sauti, hata Garrett akaruka. "Weka chini hilo, Emmett. Siagi kwanza, kisha chumvi. Ala! Mtu mzima hujui kula mahindi mpaka ufundishwe?"

Gavana akaliweka chini upesi, akavuta sahani ya siagi.