Maji ya Tawi la Mashariki

Saa kumi na moja alfajiri Mumbua alipakia vigingi sitini, nyundo na kipimio cha setilaiti kwenye pikapu, akahesabu chupa za maji, kisha yeye na Japheth wakatoka Al Wukair kuelekea mashamba ya Umm Salal. Mumbua alikuwa mpimaji ardhi kutoka Machakos, mwaka wake wa nne Qatar. Kazi ya wiki hiyo haikuwa ngumu. Shambani kulikuwa na mfereji wa zamani wa simiti, na tawi lake la mashariki liliachwa miaka mingi hata mchanga ukalifunika. Mwenye shamba alitaka kujua lilipita wapi, na kama linaweza kufufuliwa linyweshe mitende yake.

Japheth, mtu mzima wa Bungoma, alitangulia na koleo. Akigonga simiti chini ya mchanga, Mumbua anasoma kipimio, kigingi kinapigwa. Kufikia saa nne walikuwa kwenye kigingi cha thelathini na moja, na hapo mfereji ulikuwa na maji.

Hayakuwa mengi, yaliishia kwenye vifundo vya miguu. Kisima cha shamba kilikauka zamani na mvua haikuwa imenyesha tangu Februari. Japheth alichovya kidole, akaonja.

"Ni jasho," alisema.

Mumbua naye akaonja. Lilikuwa jasho. Akaandika: kina, sentimita kumi na moja, chanzo, jasho.

Kilichomtia hofu ni shati la Japheth. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na nne, mtu amechimba tangu kupambazuka, na shati lilikuwa kavu, kwapani kukavu, mgongoni kukavu. Mumbua akajipapasa shingo. Yake bado ilikuwa imelowa. Lakini yeye alisimama ukingoni; Japheth alikuwa ndani.

"Toka humo, Japheth."

"Nikitoka nitachimbia wapi, madam?"

Mumbua akampigia simu mkubwa wao, Mhandisi Nick, akamweleza habari ya maji, akamkumbusha kwamba ni saa nne, na sheria ya kiangazi inataka watu wa nje wapumzike hadi saa tisa na nusu.

"Hayo maji yanapanda saa ngapi?" Nick aliuliza.

"Jua likipanda."

"Basi pimeni yakiwa juu. Hatujengi kitu hapo, tunafuata alama tu. Yalla, fanyeni haraka."

Wakapima. Saa saba Japheth aliketi taratibu ndani ya mfereji, akavuta miguu, akalala. Ngozi yake ilichoma mkono. Mumbua alimburuta hadi kwenye gari, akaufunga mlango mara tatu kabla haujashika.

Hospitalini, nesi Kwamboka alimtundikia Japheth dripu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yaliingia, hayakutoka kokote, na mgonjwa akabaki mkavu. Kesho yake Mumbua alirudishwa shambani. Kwamboka, aliyekuwa ameambiwa habari ya mfereji, akampigia simu.

"Nimetundika ya saba sasa hivi. Huko vipi?"

Mumbua alitazama kipimo cha kina. "Yamepanda sentimita moja."

"Basi yanakuja huko," Kwamboka alisema. "Acha niandike kwenye chati."

Nasimiyu, mke wa Japheth, alikuwa amepiga simu mara mbili tangu asubuhi, na mara zote mbili Mumbua hakuthubutu kupokea. Akachukua jerikeni, akalijaza maji ya mfereji, akaendesha hadi hospitalini.

Kwamboka aliyachuja kwa shashi, akamnywesha Japheth kikombe kimoja. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akafumbua macho, akazungumza lugha ambayo wote wawili hawakuijua. Mwanamume aliyekuwa akipiga deki wodini aliegemeza mopu ukutani.

"Hicho ni Kinepali," alisema. "Anasema yeye ni Dil Bahadur. Alianguka akichimba mfereji, karibu na mtende wa pili. Anauliza kama mke wake aliambiwa."

"Aliambiwa?" Mumbua aliuliza.

"Hajui. Ndiyo maana anauliza."

Kila kikombe kilikuja na mtu wake. Msafishaji aliandika nyuma ya karatasi ya chakula cha wagonjwa. Walikuwa kumi na mmoja, wote walianguka juani, na wote, walisema, waliandikiwa kifo cha kawaida. Wa tano alitoka wilaya moja na msafishaji. Msafishaji alimwomba arudie jina polepole, kisha akaliandika.

Jioni Japheth aliamka akiwa yeye mwenyewe tena, akaulizia ugali, akalalamika kwamba mdomo una chumvi.

Mumbua aliyachapa majina kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Mhandisi Nick aliusoma amesimama.

"Umeyahakikisha?"

"Wenyewe wameyasema."

"Sawa. Lakini mteja aliomba kurasa kumi, na huu ni wa kumi na moja."

Akauchomoa. Palipoandikwa jasho, akaandika: chanzo cha asili. Wiki hiyohiyo ufufuaji ulikubaliwa, na kampuni ikapewa pia kazi ya kulitafuta tawi la magharibi.

Jumapili Japheth alifika kwenye tawi la magharibi na koleo lake. Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi minane.

"Tupokezane," Mumbua alimwambia. "Dakika kumi wewe, dakika kumi mimi."

"Madam, hii si kazi yako."

"Najua."

Akavua viatu, akashuka. Simiti ilikuwa ya moto, na maji yakaanza kumzunguka nyayo kabla hajapiga koleo la tatu. Dakika kumi zilipoisha Japheth alimvuta juu kwa mkono, akaweka kiganja kwenye paji lake la uso. Akakiacha hapo kwa muda mrefu, akakihamishia shavuni, akakirudisha tena, kikiwa bado kikavu.

"Niambie," Mumbua alisema.

Japheth aliokota koleo, akashuka.