Mkono wa Mama

Mama alipangua tena kijiko, uji ukamtiririka shingoni. Binti yake, fundi cherehani aliyefunga kibanda chake ili amuuguze, aliufuta huku akisaga meno. Kiharusi kilimnyang'anya Mama sauti na kumkaza shingo, kikamwachia mkono mmoja tu, na huo ndio uliokuwa ukimpiga bintiye.

"Amekukataa, dada," kaka yake alisema. "Leo asipokula, kesho nampeleka kwenye nyumba ya wazee. Nimeshaongea nao."

Fundi aliukoroga uji kwa nguvu. Alikuwa na hofu, na hofu yake siku zote hutoka kama hasira.

Mke wa kaka, ambaye kwa kusengenywa aliitwa Mheshimiwa, alikuwa akikikagua chumba. "Wifi, umewahi kulala hapo alipo Mama?"

"Namuuguza mimi, wifi. Mwenye macho haambiwi tazama."

"Macho yako yamesimama. Yake yamelala."

Maneno hayo yalimchoma. Wakamhamishia Mama kitini, fundi akajitupa kitandani kwa kisirani, shingo kaikaza, apate kumkomesha Mheshimiwa. Aliona dari, na dirisha upande wa miguuni. Kitanda alikigeuza mwenyewe ili Mama apate hewa, mlango ukabaki nyuma ya kichwa. Na humo chumbani alizoea kunyata, asimsumbue mgonjwa. Kuzungumza aliacha siku Mama alipopoteza sauti. Azungumze na nani?

Alingoja. Kimya. Ghafla mkono ukashuka usoni pake kutoka nyuma, na kitu kikagusa mdomo. Kabla hajafikiri, alishaupiga.

Uji ulimrukia shavuni. Mheshimiwa alikuwa amesimama peku nyuma ya kichwa chake, kijiko kimeanguka, wala hakucheka.

"Pole, wifi," alisema.

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Aliinuka, wakakigeuza kitanda kitazame mlango, wakamrudisha Mama. Kisha akatoka na bakuli, akaingia upya akiburuza ndala makusudi.

"Mama, ni mimi. Nimekuletea uji."

Akasogeza kijiko taratibu. Mkono wa Mama ukainuka. Kaka akajongea karibu, tayari kuudaka. Ukamshika fundi kiganja, ukakivuta kijiko mdomoni.

Kaka alitoa simu mfukoni, akatoka nje kuwaambia wale wa nyumba ya wazee wasimtarajie mtu.

Mama alimeza, akameza tena. Kisha mkono ule ukapanda polepole mpaka shavuni kwa bintiye, ukamfuta uji.