Kopo la Fakhriya

Zamani, haluwa ikikaribia kuiva, Mtaa wa Msimbazi ulijua bila kuambiwa. Harufu ya iliki ilitangulia, zafarani ikafuata, na mwisho samli ikaanza kujitenga ukingoni mwa sufuria ya shaba. Mzee Abdulmalik alichota sahani ya kwanza, akaiweka barazani pamoja na kahawa chungu, na sahani hiyo haikuuzwa. Mpita njia alikula, fundi baiskeli alikula, hata aliyekuja kugombana alikula kwanza. Kilichobaki ndicho kilichokuwa biashara.

Mwanawe Nasor, ambaye sasa ndevu zake zimekuwa nyeupe, alirithi sufuria, mwiko mrefu na ile sahani ya kwanza. Wateja hakuwarithi. Wengine walihama, wengine walitangulia mbele ya haki, na nyumba zenye baraza zikabomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa. Mwenye nyumba wao naye alikwisha kuwaambia wajiandae kuhama. Rania, binti yake Nasor, hakumficha kitu: wasipopata wanunuzi wa nje hawataweza kupanga jiko jingine Magomeni, na haluwa ya babu itakuwa imeishia hapo.

Rania ndiye aliyempeleka kwa Bi Elisaria, afisa katika ofisi ya serikali inayowasaidia wafanyabiashara kuuza bidhaa zao ng'ambo. Nasor alikwenda akiwa amenuna, akarudi akimsifu mama yule njia nzima. Ofisi iliwafundisha kufungasha, ikawaonyesha mashine ya kuziba makopo, ikawapelekea haluwa maabara, na mwisho ikawatafutia meza kwenye maonyesho ya biashara Maskati. Sharti lilikuwa moja. Sampuli iliyozibwa ifike ofisini Alhamisi kabla ya adhuhuri, maana ingetangulia ili wanunuzi waionje mapema, na gari la kwenda uwanja wa ndege lisingemsubiri mtu.

Nasor hakuwa na neno na serikali. Kilichomkera ni kuziba. Haluwa iliyotoka nyumbani bila mtu kuionja aliiona kama mgeni aliyeondoka bila kuagwa.

Alhamisi hiyo Rania alipitia kwa mchapaji kuchukua lebo, naye Nasor akatangulia na kikapu. Ndani mlikuwa na makopo matatu ya ofisi, chupa ya kahawa na vikombe vyake, kwa kuwa hakujua kutembea na haluwa bila kahawa. Kopo la nne, nalo limezibwa, lilikuwa la dada yake. Fakhriya aliolewa Maskati akiwa msichana, na tangu hapo haikupikwa sufuria hata moja bila fungu lake kutengwa na kutafutiwa msafiri. Safari hii msafiri alikuwa jirani yao Mbaruku, aliyekuwa akiondoka jioni ile ile. Juu ya kopo Nasor alibandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: Kwa Fakhriya. Dada alikuwa mgonjwa, hajatoka kitandani tangu Ramadhani.

Kwenye chumba cha kungojea alimkuta Devendra, muuza viungo, ambaye baba yake ndiye aliyekuwa akimuuzia iliki Mzee Abdulmalik.

"Nasor bhai! Usiniambie hiyo ni haluwa."

"Ni ya serikali hii, Devendra. Imezibwa."

"Unakumbuka tulivyokuwa tukigombea ukoko? Mama yangu ananiita nikale, mimi nimeingiza kichwa chote sufuriani."

Nasor alicheka mpaka macho yakamlenga machozi. Akilini alimwona baba yake amesimama na mwiko, akijifanya hawaoni watoto. Akaona pia haya, kukaa na haluwa mbele ya mtu aliyekula naye ukoko asimkaribishe. Kopo moja tu, alijiambia, mawili yatabaki. Akalifungua, akamimina kahawa. Ikawa huwezi kumpa Devendra ukamnyima kijana Jovin, aliyekuja na asali yake kutoka Tabora. Mlinzi akavutwa na harufu, mhasibu akatoka na kijiko chake mwenyewe. Watu waliokuwa wamekaa kimya kila mmoja na simu yake wakaanza kuulizana kwao wapi. Nasor alizunguka na kikapu akisema "karibuni, karibuni," kama yuko barazani, na kwa muda ule alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata kwa miaka.

Bi Elisaria alipofungua mlango, makopo yote matatu yalikuwa matupu.

"Shikamoo, Mzee Nasor. Sampuli iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu." Alitazama kikapu. "Wameionja."

Rania alikuwa ameingia nyuma ya baba yake na bahasha ya lebo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Nasor. Alikaa tu kwenye kiti, bahasha mapajani.

"Baba, gari linaondoka sasa hivi," alisema. "Haluwa inapikwa nusu siku."

"Bila kopo lililozibwa siwezi kuwapa meza," Elisaria alisema kwa upole. "Hata moja lingetosha. Mengine ungekwenda nayo wewe, Rania, mwezi ujao."

Hakuna aliyelitaja kopo la nne, ingawa wote walikuwa wakiliona. Nasor alitoka nje kwenye korido akapiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbaruku ameshafika kwako?" Sauti ilikuwa nyembamba.

Alimweleza yote, hakujitetea. Akasikia kitu kama kikohozi. Fakhriya alikuwa anacheka.

"Umelisha ofisi nzima ya serikali?"

"Nzima, dada."

"Baba huyo, baba mtupu." Alipumzika kidogo. "Lipeleke kopo."

"Ni lako. Na Rania haji mpaka mwezi ujao."

"Nasor. Hayo maonyesho si huku kwetu? Basi nitakwenda mwenyewe, niinunue mezani kama watu wengine. Na umwambie Rania asinipe bure."

"Nitamwambia," alisema Nasor. Wote wawili walijua umbali uliopo kati ya kitanda chake na mlango.

Alirudi ndani, akalishika kopo. Kwa ukucha alibandua karatasi taratibu, asiichane, na Rania akabandika lebo mpya yenye jina la babu yake kwa herufi za dhahabu. Elisaria akalipokea kwa mikono miwili. Kutoka dirishani walilitazama gari likiingia barabarani na kupotea.

Aliporudi Msimbazi, Nasor aliwasha jiko ingawa haikuwa siku ya kupika. Alikoroga mpaka alasiri ikapita, na Mbaruku akaondoka mikono mitupu. Samli ilipojitenga alichota sahani ya kwanza, akaitoa barazani. Kisha akachukua kopo tupu, akalijaza, akaliweka kando bila kuliziba. Karatasi ya Fakhriya aliitoa mfukoni, akaijaribu kwa kidole. Ilikuwa bado inanata.