Wageni Wanne wa Mama Tadeo

Kundi la tano lilikuwa na wanafunzi wanne, na kati ya hao wanne aliyefanya kazi alikuwa Romana. Hilo si la kushangaza. Aliyewahi kusoma chuo chochote nchi hii anajua kazi za makundi zinavyokwenda: mmoja anahangaika, wengine wanaomba waandikiwe majina. Mkufunzi wao, Mwalimu Sosthenes, naye alikuwa analijua hilo, na safari hii alijipanga.

Mradi ulikuwa wa historia ya chuo chao, pale Bonga. Kila kundi lipange namna ya kukusanya picha za zamani, sauti za watu waliofanya kazi chuoni, na ramani ya majengo yaliyopo na yaliyobomolewa, vyote viwekwe kwenye tovuti moja. Mpango uandikwe katika faili la pamoja mtandaoni, ambamo mkufunzi anaona nani kaandika nini na saa ngapi.

"Nitaona nyayo za kila mtu," alisema. "Kundi nitakalokuta lina nyayo za mtu mmoja nalivunja, na huyo mmoja namhamishia kwingine."

Mtu mwingine angefurahi kuhamishwa. Romana aliogopa. Alikuwa ametoka Rombo mwaka uliopita, anapanga chumba Bagara, na hakuwa mkorofi wala mwenye maringo. Ni yule mtu ambaye wenzake wakitoka darasani wanazima taa naye bado yumo ndani. Katika simu yake, kundi lile la wasap ndilo pekee ambalo watu walimwandikia, hata kama walichoandika ni "poa" na dole gumba. Likivunjika hilo, hana lingine.

Kwa hiyo alipowakumbusha kuhusu faili, na Jesse akajibu, "Chukua paswedi yangu uniandikie, mimi na wewe ni kitu kimoja," Romana hakukasirika. Valence na Jacqueline wakatuma zao palepale. Baada ya vipindi alikwenda chumba cha kompyuta, akaingia kama Jesse, akapendekeza waanze na rimu ya gari iliyokuwa ikigongwa kama kengele zamani. Akatoka, akaingia kama Valence, akalipinga wazo. Kisha akarudi kama Romana, akawapatanisha.

Wiki ya kwanza ulikuwa udanganyifu tu. Wiki ya pili ikawa starehe. Jesse wake alikuwa mcheshi kuliko Jesse mwenyewe. Valence wake alikuwa mbishi lakini akizidiwa hoja anakubali, jambo ambalo Valence wa kweli halijui. Na Jacqueline, msichana wa bweni la juu ambaye hawakuwahi kukaa benchi moja, huyo ndiye aliyekuwa rafiki. Karibu kila siku, pembeni ya kazi, Jacqueline wake aliandika: "Romana, umekula?" Romana hakujibu. Alisoma tu, akazima kompyuta, akarudi Bagara na moyo mwepesi. Aibu ilimpata njiani, lakini kesho yake alirudi tena.

Mwalimu Sosthenes alifurahi kupita kiasi. Alimwita Romana ofisini.

"Wenzenu wanabandika maandishi tu. Ninyi mnazungumza. Hata kula mnakumbushana." Romana aliangalia sakafu. "Sasa sikiliza. Nimempigia simu Mama Tadeo, aliyekuwa matroni wa wasichana hapa. Amestaafu, anaishi Sigino. Nimemwambia Jumamosi mnakwenda, wote wanne."

Romana aliwaandikia wenzake siku hiyohiyo. Jesse akajibu "poa". Valence akaweka dole gumba. Jacqueline akaandika "tupo". Jumamosi saa nne asubuhi Romana alisimama kijiweni kwa bodaboda, akakaa hapo saa nzima. Simu ya Jesse haikupatikana. Ya Valence iliita mpaka ikakata. Jacqueline alituma ujumbe: "Niko saluni, tangulieni." Romana aliusoma mara mbili, akapanda pikipiki peke yake.

Mama Tadeo alimpokea mlangoni, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge kipya. Sebuleni viti vinne vilikuwa vimepangwa mstari, viwili bila shaka vya kuazima kwa jirani, maana havikufanana na vingine. Mezani sahani zilifunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja, Mama."

"Basi tuwasubiri. Mimi siwezi kuanza maneno wageni hawajatimia."

Wakasubiri. Romana aliweka simu mezani tayari kwa kurekodi, na simu ikakaa hapo kimya. Mama Tadeo aliuliza habari za Rombo, akaenda jikoni kurudisha mchuzi motoni, akarudi, akakaa. Kila pikipiki ilipopita barabarani aliinua kichwa. Saa sita ikapita. Mchuzi ukarudishwa motoni mara ya pili.

"Tadeo wangu yuko Geita, mgodini," alisema. "Anapiga simu sikukuu. Nyumba hii haijapata wageni wanne kwa pamoja tangu tumzike baba yake."

Hapo Romana akashindwa. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Mama, hawaji. Hakuna kundi. Ninaandika mwenyewe kwa majina yao. Ninajiuliza, ninajijibu."

"Nimechinja kuku wawili," alisema Mama Tadeo, na alikuwa amekasirika kwelikweli, kwa haki yake. Alisimama, akaanza kurudisha viti viwili ukutani. Cha tatu alikiacha, akakikalia.

"Miaka ishirini na sita nimeita majina bwenini kila jioni," alisema. "Kulikuwa na wasichana wa kuwaitikia wenzao waliotoroka. 'Yupo, Mama, anaoga.' 'Yupo, Mama, anafua.' Nilidhani hao ndio wenye marafiki wengi. Baadaye nikaona kumbe siku mmoja wao akikosekana mwenyewe, hakuna wa kumwitikia." Akaitazama simu. "Hiyo inarekodi?"

"Hapana, Mama."

"Irekodi. Wageni wametimia."

Alizungumza mpaka saa nane wakila: moto uliounguza jiko la zamani, mwaka maji yalipokatika muhula mzima, wasichana aliowalea na waliomsahau. Romana alikula akashiba, akaongezwa, akala tena. Alipotaka kuaga, Mama Tadeo alileta mabakuli matatu yenye vifuniko na utepe wa karatasi wenye gundi.

"Nitajie majina yao."

Akayaandika kwa herufi kubwa, moja kila kifuniko, akabandika kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika majina ya watoto wa watu. "Wapelekee. Na mabakuli yangu wayarudishe wenyewe. Ukiyaleta wewe sipokei."

Kwa Jesse alitoka mtu mwingine chumbani, akasema Jesse hayupo, akapokea bakuli na kufunga mlango. Valence alikula palepale akiwa amesimama, akauliza kama hakuna pilipili, kisha akanyoosha mkono kumrudishia Romana bakuli tupu. Romana alitikisa kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumkatalia mtu kitu pale chuoni. Akashika njia ya bweni la juu.

Jua lilikuwa linashuka. Jacqueline alitoka mlangoni na nywele zake mpya.

"Kumbe Romana ndiye wewe?" alisema. "Nilidhani ni yule mrefu."

Romana alikuwa amepanda ngazi zile akitegemea mengi, lakini si hilo. Alimpa bakuli. Jacqueline akasoma jina lake kwenye kifuniko, akafunua, harufu ya kuku ikatoka.

"Nani kaniwekea?"

"Mama Tadeo, matroni wa zamani. Tulikuwa twende wote leo. Alitupikia wanne. Bakuli utarudisha mwenyewe, Sigino."

Jacqueline aliliangalia bakuli, akaangalia viatu vya Romana vilivyojaa vumbi. Kisha akauliza, kama mtu yeyote anavyomuuliza mwenzake akiwa ameshika chakula mkononi:

"Wewe umekula?"

Swali hilo Romana alikuwa ameliandika mara kumi na moja kwa vidole vyake mwenyewe, na jibu hakuwahi kuliandika hata mara moja. Alisimama kizingitini, kuku wa Mama Tadeo wamemjaa tumboni tangu saa nane.

"Bado," alisema.