Mwezi wa Kumi na Tisa

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo, pembeni mwa kioo cha kompyuta. Asubuhi, Akidor akipangusa vumbi la ofisi ya Kakuma, kioo kilionyesha 19/5/98. Alasiri aliposhuka Lodwar, kompyuta ya huko ilionyesha 5/19/98. Akahesabu miezi kwa vidole, akarudia. Kisha akachukua ufagio, akanyamaza kama kawaida yake.

Kila Jumanne alisafiri na gari la ofisi, amepakata kopo la biskuti lenye diski. Humo mlikuwa na majina ya wakimbizi wa Kakuma, yakaingizwe kwenye kompyuta kuu ya Lodwar ili kadi moja imtambulishe mtu kote. Maelfu ya watu mapajani mwake, na hawakuwa na uzito wowote. Hakuacha kustaajabu.

Jumanne moja ya mwezi wa saba alisafiri na mkimbizi Akuol na mwanawe mchanga Dhieu, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka. Daktari wa upasuaji alikuwa akiondoka Lodwar kesho yake, na hospitali haikumpokea mkimbizi bila barua iliyochapwa na kompyuta kuu.

"Mama, inakataa," alisema Mureithi, fundi wa kompyuta wa Lodwar. "Inasema mtoto hajazaliwa."

Dhieu alikuwa akilia kwa nguvu zake zote. Akuol akamwinua mbele ya kioo. "Sasa hii kelele ni ya nani?"

"Hapa ni tarehe mbili, mwezi wa nane. Bado karibu wiki tatu."

"Ni tarehe nane, mwezi wa pili. Kliniki iliandika."

"Mbona wengine wote wako sawa?"

Akidor alijua. Wale wengine hawakujua siku zao za kuzaliwa, hivyo ofisi iliwaandikia wote tarehe moja, mwezi wa kwanza. Hata ukigeuza, ni ileile. Dhieu ndiye wa kwanza kuletwa na siku yake mwenyewe.

"Kaka Mureithi," alisema, macho sakafuni, "ya Kakuma inatanguliza siku. Hii inatanguliza mwezi."

Mureithi akatazama pembe ya kioo kwa muda. Akabadilisha mpangilio mmoja tu, akaingiza diski upya. Printa ikaanza kukwaruza, na jina la Dhieu likatoka taratibu, mstari kwa mstari, mtu aliyezaliwa.

"Uliliona lini?" Mureithi akauliza.

"Mwezi wa tano."

"Ukanyamaza?"

Alikunja kitambaa cha vumbi, akakikunjua.

"Mimi shule niliachia darasa la tano," alisema. "Nilidhani hiyo miezi mingine inafundishwa la sita."