Dua ya Beseni la Kushoto

Mama mwoka mikate alikuwa hamwamini shemeji yake, mdogo wa mumewe, hata chembe. Kila asubuhi bwana huyo aliuombea unga uliokandwa, kisha akaondoka na mkate wa kwanza ukiwa wa moto. Unga ukiumuka, ni dua. Usipoumuka, kuna mtu mle ndani ana shaka. Vyovyote iwavyo, mkate aliondoka nao.

"Huyu ananichezea shere," mama alijisemea. Siku hiyo akagawa donge moja kwenye mabeseni mawili, akamwambia aombee la kushoto tu. Shemeji akafumba macho. Mama hakufumba, alimkodolea mpaka amina.

Madonge yote mawili yakaumuka sawasawa, yakainua vitambaa vilivyoyafunika.

"Unaona, shemeji?" akasema yule bwana bila kupepesa. "Dua imevuka mpaka beseni la pili!"

"Nimeona," mama akajibu. "Basi kama inavuka, kuanzia kesho iombe ukiwa kwako."

"Na mkate wangu je?"

Mama akaubamiza mlango wa tanuri. "Nitaula mimi hapahapa. Shibe itavuka ikufikie."